Ukuta wa Chumba cha Tisa

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na tatu. Wenzangu wa mwalo wa wavuvi wa Nkome walinicheka, wakaniuliza kama kiinua mgongo changu nitalipwa kwa dagaa. Niliwajibu kwamba mtu hastaafu kwa mvi, anastaafu kwa kukabidhi funguo, na mimi nimekabidhi. Ninyi wawili mlizipokea Jumatatu: zote zina kutu, na mmoja haufungui mlango wowote na hakuna anayejua kwa nini tunautunza. Ofisi iliwapa pia fulana na karatasi yenye historia fupi ya gereza. Fulana zivaeni. Karatasi isomeni mara moja, kisha mnisikilize mimi.

Kwa miaka tisa nimetembeza wageni katika gereza la zamani la kisiwa cha Nyakasinga. Mnajua njia: boti ya injini kutoka mwaloni, saa moja ziwa likitulia, saa mbili likikasirika. Nilitoka chuo kikuu na shahada ya historia na imani kwamba kila mtu aliye mbele yangu anadanganywa na mtu fulani, na kazi yangu ni kumwokoa. Imani hiyo sijaiacha yote. Ila nawaandikia kwa sababu iliwahi kumgharimu mtu ambaye hakustahili.

Nianze na mambo ya mikono na miguu, kwa sababu hayo hayamo kwenye karatasi ya ofisi.

Mgeni akishuka kwenye boti, msimpe historia. Mpeni maji, mkalisheni upande wa jiko la zamani wenye kivuli, mwacheni tumbo lake lirudi mahali pake. Siku zangu za mwanzo nilianza habari za viboko hapohapo gatini, mbele ya kundi la wanakwaya waliotoka Ushirombo. Wawili walitapika. Wakadhani ni uchungu wa historia. Yalikuwa mawimbi.

Msifunge mlango wa chumba mgeni akiwa ndani, hata kwa mzaha. Mimi nilimfungia mwalimu mkuu mmoja kutoka Shinyanga ili wanafunzi wake wacheke. Walicheka. Kisha ufunguo ukagoma kuzunguka, wakacheka zaidi, na mimi nikaacha kucheka. Tulimtoa kwa mafuta ya kupikia. Alitoka taratibu, akapangusa suruali, akawaangalia wanafunzi mmoja mmoja, akaniambia, "Mwanangu, nilikuwa na mpango wa kuwafungia hawa darasani Jumamosi wakajisomee. Nimeufuta." Wanafunzi walinishukuru mpaka boti ikaondoka.

Na msiuze woga. Woga ni bidhaa rahisi, lakini haimfai kila mnunuzi. Liliwahi kuja kundi la wachimbaji wadogo kutoka Geita, watu wanaoshuka chini ya ardhi kila siku kwenye yale mashimo yao wanayoyaita maduara. Niliwaingiza chumba chembamba kuliko vyote, nikashusha sauti, nikawaambia walilala humu watu wanne. Mmoja akajilaza sakafuni, akaangalia juu. Akaniuliza kama kile kitundu cha hewa kilikuwepo tangu zamani. Nikasema ndiyo. Akawageukia wenzake: "Sasa hii si gesti hii? Sisi duarani hewa tunaletewa kwa mfuko wa nailoni." Mwenzake wakati huo alikuwa anakwangua ukuta kwa kucha, akiukagua mwamba. Siku hiyo wao ndio walionitembeza mimi. Walinionyesha alama za tindo kwenye mawe, wakaniambia aliyechonga upande ule alitumia mkono wa kushoto. Nilikuwa nimepita hapo mara mamia na sikuwahi kuona.

Lile lilipaswa kunifundisha. Halikunifundisha.

Aliyenipokea kazini ni Mzee Sospeter, Mzinza, mtunza stoo wa gereza lilipokaribia kufungwa, baadaye kiongozi wa wageni kwa sababu hakuna mwingine aliyejua funguo. Ni yeye aliyenifundisha kutembea kinyumenyume bila kujikwaa, na kunyamaza mahali ambapo upepo unaongea vizuri kuliko mimi. Alikuwa na hadithi kwa kila jiwe. Mimi kwa kila hadithi nilikuwa na swali: nani kakwambia, imeandikwa wapi, mbona mwezi uliopita ulisema vingine. Hakukasirika. Alinibatiza tu jina. "Bwana Chanzo," angeniita kutoka gatini, "boti imefika, njoo uiulize imetoka wapi."

Chumba cha tisa kilikuwa fahari yake. Ukuta wake wa ndani umechorwa alama nyingi, zimekwaruzwa kwa msumari au jiwe. Kila alama ni kama mwezi mchanga uliolala, wenye ncha upande mmoja. Mzee Sospeter aliwaambia wageni kwamba wafungwa hawakuwa na kalenda, hivyo kila mwezi ulipoandama waliuchora. Wageni walitulia kabisa. Wengine walilia. Hata mimi mara ya kwanza shingo ilinisisimka.

Mara ya pili nikauliza. Kama ni miezi, mbona ina mapengo? Mwezi huu umekatwa kwenye ncha, ule umetobolewa katikati, mwingine umeng'atwa pembeni. Na kama ni kalenda, mbona haiko kwenye mstari? Mzee alisema mfungwa hana rula. Nikamwambia hajui. Akakubali kwamba hajui, ila wageni wanapenda. Jibu hilo lilinitia hasira iliyonidumu miaka.

Alipopunguza kazi na mimi nikawa mkubwa wa pale, nilifanya usafi. Hadithi yoyote isiyo na chanzo niliitoa. Daftari la wafungwa ndilo lililokuwa chanzo changu: kurasa za mwanzo zipo, za mwisho zipo, za katikati mchwa wamezila. Kilichomo nilikisema, kisichomo nilisema hakimo. Ziara ikawa fupi na safi. Chumba cha tisa nilikitoa kabisa, nikakigeuza stoo ya maboya ya kuvaa kwenye boti. Nilipigilia misumari ukutani, palepale kwenye ile miezi yenye mapengo, nikatundika maboya ya rangi ya chungwa. Nilijiona mtu mwaminifu sana.

Sasa sikilizeni habari ya Mama Kulwa.

Alikuja na mwanawe Doto, pacha wa pili, mwanamume wa makamo mwenye kiwanda kidogo cha kusaga mawe ya dhahabu kule Kharumwa. Mama mwenyewe alikuwa amepita sabini, mwembamba, amevaa raba za kiume na khanga mbili. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, kisha akanisalimu kwa Kisukuma. Nilijibu vibaya. Mimi ni Msukuma wa Shinyanga mjini, baba mwalimu, mama muuguzi, Kisukuma changu ni cha kuombea chumvi. Akatabasamu, akaniita ng'wanone, mwanangu, na kuanzia hapo akanisemesha Kiswahili polepole kama anayemsaidia mgonjwa.

Nilichukua maboya yao, nikayatundika stoo, tukakaa kivulini. Akanieleza alichofuata.

Baba yake alichukuliwa yeye akiwa bado ananyonya, enzi za Mwingereza, pale wafugaji walipoamriwa kupunguza ng'ombe. Baba alikataa. Walikuja askari, wakamfunga, wakaenda naye upande wa ziwani. Hakurudi. Barua haikuja. Baada ya muda majirani wakaanza kusema kwamba kifungo kilikwisha zamani, mwanamume amevuka kwenda Uganda, ameoa huko, ana mji. Mama yake Mama Kulwa alizeeka akiitwa mke aliyeachwa. Kwa kuwa mume hakuwa amekufa kwa ushahidi wowote, ukoo haukumlilia, haukukaa matanga, haukumtaja kwenye tambiko. Mama alikufa hivyo. Ndugu wote wakafa hivyo. Alibaki yeye.

"Nataka udongo," aliniambia. "Kama baba alikufia hapa, nichukue udongo wa hapa nikauzike ubavuni kwa mama. Majirani wanyamaze."

Bwana Chanzo akaleta daftari. Tulilipekua wote watatu. Jina la baba yake halikuwemo. Doto akauliza kuhusu kurasa zilizoliwa. Nikasema kilicholiwa hakiwezi kusema ndiyo wala hapana.

Mzee Sospeter alikuwa pale siku hiyo, amekuja kutembea. Aliona uso wa yule mama. Akainuka, akaenda nyuma ya jengo, akarudi na kopo la udongo, akalitoa kwa mikono miwili na kusema umetoka mahali walipozikwa wafungwa. Ilikuwa desturi yake. Nilijua. Wengi waliwahi kuja na ombi kama hilo, na kila mmoja aliondoka na udongo.

Doto akapokea kopo. Akachota kidogo, akausugua kati ya vidole, akaunusa. Huyu ni mtu ambaye maisha yake yote anaangalia mchanga na kuamua kama una kitu.

"Mzee wangu," akasema, "huu una majivu. Na gamba la yai."

Ulikuwa udongo wa nyuma ya jiko. Mzee Sospeter aliangalia chini. Doto hakumtukana. Alimgeukia mama yake, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba si kitu, udongo ni udongo, kisiwa ni kilekile, auchukue waondoke, watu wa nyumbani hawatajua.

Hapo ndipo mimi nilipoona nafasi yangu ya kuwa mtu wa kweli. Nikasema, kwa ile sauti ya ukumbini mnayoijua, kwamba ni wajibu wangu kuwaeleza hakuna ushahidi wowote kuwa mzee huyo aliwahi kukanyaga kisiwa hiki. Nilisema "wowote". Neno hilo bado linaniwasha.

Mama Kulwa hakulia. Alilirudisha kopo kwa Mzee Sospeter, akamshukuru: wabeja. Kisha akatuambia mimi na mwanawe kwa pamoja:

"Mimi nimechunga. Huwezi kunipa ndama wa mwingine ukaniambia huyu ni wako kwa sababu amelala zizini kwangu. Ndama wangu namjua."

Nikamuuliza anamjuaje, huku nikilifunga daftari.

"Sikio," akasema.

Nilikwenda stoo, nikawaletea maboya yao, nikawasindikiza gatini. Mama nilimfunga boya mimi mwenyewe, mikanda ilikuwa mirefu. Boti ikaenda.

Msidhani niliamka usiku kwa mshtuko. Nilikula, nililala, nilijipongeza. Ni siku tatu baadaye, mchana, nilipoingia chumba cha tisa kutundika maboya ya kundi la wanafunzi, ndipo nilipoona msumari mmoja umebaki tupu. Lile boya la Mama Kulwa sikulirudisha mahali pake. Lilibaki kwenye boti. Msumari niliupigilia katikati ya mwezi mmoja. Nikauangalia. Ulikuwa na ncha upande wa kulia. Kwenye ncha palikuwa na mkato kama mdomo wa ndege, na ukingo wa chini palikuwa na pengo la mviringo, kama pameng'atwa.

Sikio.

Nilishusha maboya yote. Niliyatupa nje, wanafunzi wakadhani boti inazama. Ukuta mzima ulikuwa masikio. Lenye mkato mmoja, lenye miwili, lililotobolewa, lililopasuliwa katikati. Kila ukoo wa wafugaji, kuanzia Nyang'hwale mpaka ng'ambo ya Ibadakuli, hukata ndama wake masikio kwa namna yake, ili akipotea ajulikane. Mtoto wa miaka sita kijijini anajua hilo. Mimi, Msukuma mwenye shahada ya historia, nilikaa na ukuta huo miaka nikibishana na Mzinza kuhusu mwezi. Yeye angesamehewa, kwao ni watu wa samaki. Watu hawakuweza kuandika majina yao, wakaandika ng'ombe zao. Na mimi nilikuwa nimewatundikia maboya.

Nilimpigia Mzee Sospeter. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Chanzo?" Nikamwambia chanzo kiko Kharumwa, na ninakwenda.

Shikeni hili kuliko yote niliyoandika. Nilipiga picha ukuta, kisha nikaizima simu. Kama ningefika na kumwonyesha mama picha nikamuuliza, "Je, alama yenu ni hii?", angesema ndiyo. Si kwa uongo. Mtu aliyesubiri maisha yake yote husema ndiyo kwa kitu chochote kinachofanana. Hapo ningekuwa nimempa kopo jingine la majivu, safari hii lenye picha. Kwa hiyo nilibeba karatasi tupu.

Nilifika kwa bodaboda, nimejaa vumbi mpaka kope. Mji wake uko nje kidogo ya Kharumwa, nyumba mbili za bati na zizi lenye ng'ombe wachache. Doto alikuwepo. Hakufurahi kuniona. Aliniuliza kama nimekuja kuwaeleza tena nini hakipo. Nilimwamkia mama, nikapewa kigoda, nikapewa maziwa. Nikatoa karatasi na kalamu, nikamwomba anichoree sikio la ng'ombe wa baba yake.

Alinirudishia kalamu. "Mimi sichori," akasema. "Mimi nakata."

Akamwita mjukuu alete wembe. Akaikunja karatasi, akaikata umbo la sikio, kisha akaibana katikati ya magoti kama anayembana ndama. Mkato wa kwanza kwenye ncha, mdomo wa ndege. Wa pili ukingo wa chini, mviringo.

Mimi nilishaanza kulengwa na machozi, lakini nilijikaza, kwa sababu kulikuwa na tatizo. Karatasi aliishika mbele yake, na ncha ya sikio ilielekea kushoto kwake. Ukutani ilielekea kulia. Nikamuuliza kama waliwahi kukata sikio la kulia. Akasema hawajawahi, kulia ni kwa ukoo mwingine. Ni kushoto tangu babu.

Nilifunika kalamu, nikairudisha mfukoni. Doto aliona, akasema, "Haya. Sema."

Nikawasha simu, nikamwonyesha mama ile alama moja, kwa karibu. Nikamweleza kwamba imegeukia upande usio wenyewe, na kwamba siwezi kusema ni yao.

Aliishika simu mbali, kisha karibu. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitarajia: akacheka.

"Ng'wanone, wewe hujawahi kukata ndama. Anayekata husimama nyuma ya kichwa, kama mimi sasa. Sikio la kushoto liko kushoto kwako." Akainuka, akaja mbele yangu, akanitazama, akashika sikio langu la kushoto. "Ng'ombe akija kwako anakuangalia, liko wapi?"

Kwa anayenitazama, liko upande mwingine. Kulia kwake.

"Baba hakuchora anayekatwa," akasema. "Amechora anayemwangalia."

Lakini mimi ndivyo nilivyoumbwa: nilikuwa bado na swali moja. Nikaiweka simu mfukoni. Nikamuuliza kama mama yake aliwahi kumsimulia habari za ng'ombe mmoja wa baba, yeyote, aliyekuwa na jambo la kumtofautisha. Hakufikiri hata kidogo. Akasema alikuwepo dume mkubwa, pembe moja imesimama, nyingine imelegea inaning'inia shavuni, akitembea inagonga. Ndiye waliyetaka kumchukua wa kwanza kwa kuwa ndiye mkubwa. Ugomvi ulianzia kwake.

Nikatoa tena simu, nikapanua picha. Chini ya lile sikio kuna mchoro mdogo ambao Mzee Sospeter aliuita ndoana ya mvuvi. Mstari mmoja umepanda juu. Mwingine umepinda chini. Kati yake kuna uso mrefu.

Nilimpa simu Doto kwanza. Aliangalia, akamkabidhi mama yake, akatoka nje akaenda kusimama zizini. Alirudi amenawa uso. Akaniuliza boti inaondoka Nkome saa ngapi.

Walikuja kisiwani watu wa ukoo, wakajaza boti mbili. Nilikuwa nimeng'oa misumari yote. Mzee Sospeter alisimama mlangoni mwa chumba cha tisa, kofia mkononi, hakuingia mpaka Mama Kulwa alipomwita. Aliingia akamwomba radhi kwa lile kopo. Mama akamwambia kwamba walau yeye alimpa kitu mkononi, wakati kuna mtu mwingine hapa alimpa neno "wowote". Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa kuwa nilistahili.

Doto alichimba mwenyewe, chini ya alama, kwa sururu yake ya kazini. Akausugua udongo kati ya vidole, akaunusa. "Hauna majivu," akasema, na akaujaza kwenye kibuyu cha maziwa cha bibi yake.

Mama Kulwa aliukaribia ukuta. Sikutegemea aseme kwa Kiswahili. Nadhani alitaka wajukuu wa mjini nao waelewe. Aliweka kiganja juu ya lile sikio.

"Baba, ng'ombe tuliwapunguza," akasema. "Tulikuwa na njaa. Lakini sikio bado tunalikata vilevile."

Matanga yalikaliwa. Nilikaa nao siku zote, nikila ugali wa matanga, nikirekebishwa Kisukuma changu na watoto. Mzee mmoja jirani, ambaye inasemekana baba yake ndiye aliyeanzisha habari ya Uganda, alileta mbuzi. Hakusema kitu, na hakuna aliyemuuliza. Hata mimi sikumuuliza, na hilo andikeni kwenye historia fupi ya gereza.

Mnaniuliza kwa nini nimeacha kazi iliyokuwa inanipenda. Kwa sababu ukuta ule una masikio mengine, na wenyewe hawaji kisiwani. Wako minadani, wako malishoni, wako nyuma ya nyumba wakibana ndama. Mtu lazima awafuate. Nimenunua pikipiki iliyotumika na ninajifunza lugha ya kwetu kama Mzungu. Mpaka sasa nimepata koo tatu. Nyingine nne nilidhani nimepata, nikakosea, nikasema nimekosea.

Ninyi bakini na wageni. Maboya yakae jikoni. Chumba cha tisa kifungueni kila siku, hata kama siku hiyo mgeni ni mmoja na amekuja kupiga picha za ndege. Hadithi ya miezi msiitupe. Isimulieni kama hadithi ya Mzee Sospeter, na mtaje kwamba alikosea, na kwamba aliyemkosoa alikosea zaidi. Na siku mtakapomwona mzee au mama anashuka kwenye boti akishikwa mkono, ana vumbi la malishoni kwenye viatu, naye anauliza habari za mtu aliyechukuliwa zamani, msifungue daftari. Wala ukuta msimwonyeshe kwanza. Mkalisheni kivulini, mpeni maji. Halafu mpeni karatasi tupu na wembe, mnyamaze.